Jinsi ya kujenga mtandao wa wanasayansi wa ubongo usioacha watu nje

Nafasi nyingi katika sayansi ya ubongo hazitangazwi popote. Mtu hualikwa kutoa mada kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati anamfahamu. Huombwa kuhakiki makala kwa sababu mhariri aliwahi kukaa naye meza moja. Hupata nafasi ya utafiti baada ya uzamivu kwa sababu msimamizi wake alimpigia simu mwenzake. Utaratibu huu ukiachwa ujiendeshe, watu huchagua wanaofanana nao, na waliochaguliwa hufanya vivyo hivyo zamu yao ikifika. Wala haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 1973 mwanasosiolojia Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao juu juu, kuliko kupitia marafiki wa karibu. Asiye na watu wa aina hiyo katika fani yake hukosa habari kabla hata hajakosa nafasi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeanzisha au kuendesha mtandao wa kitaaluma wa wanasayansi wa ubongo, uwe wa maabara tano au wa chama kizima. Hatua zote zinalenga jambo moja: jina la mtu mwenye uwezo lifike mezani kabla uamuzi haujafanywa. Hotuba kuhusu usawa hazifanyi kazi hiyo. Utaratibu unaifanya.

Hatua ya 1: Hesabuni kwanza

Chukueni orodha ya waliotoa mada kwenye semina zenu kwa miaka miwili iliyopita na muiweke kwenye jedwali: jina, taasisi, nchi, ngazi ya kazi, na nani alimpendekeza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye mafunzo mengi. Mara nyingi utakuta watu watatu au wanne ndio waliotoa karibu majina yote.

Kisha linganisheni. Tovuti ya BiasWatchNeuro, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufanya hivi kwa mikutano ya sayansi ya ubongo: huhesabu wanawake waliopanda jukwaani na kulinganisha na makadirio ya uwiano wao katika tawi husika la fani. Igeni njia hiyo. Kosa la kawaida ni kulinganisha kila kitu na nusu kwa nusu, halafu wapinzani wakasema kwamba tawi hilo lenyewe halina wanawake wengi na mjadala ukaishia hapo. Mkitumia uwiano wa tawi lenyewe, kwa mfano wa walioandika ikisiri kwenye mkutano wake mkuu, hoja hiyo haina pa kusimama. Tuseme wanawake ni asilimia 40 ya tawi lenu. Katika mada 24 mlitarajia kama 10. Mkiwa na watano, kuna jambo linalohitaji maelezo. Lakini mada nne zenye mwanamke mmoja hazithibitishi lolote, kwa hiyo msipige kelele kwa idadi ndogo.

Jinsia, asili, ulemavu na mengineyo msiyakisie kwa kutazama jina au picha. Tumeni dodoso fupi la hiari lenye jibu la "sipendi kujibu", na msichapishe kundi lolote lenye watu wasiozidi watano, kwa sababu katika fani ndogo kila mtu atajua ni nani.

Hatua ya 2: Tengenezeni orodha ya majina inayotumika

Kabla ya kuunda yenu, tumieni zilizopo. Mwanasayansi wa neva Anne Churchland alianzisha Anne's List, orodha ya wanawake wanaochunguza mifumo ya neva. WiNRepo hukusanya wanawake wa matawi mengi ya sayansi ya ubongo na mtu huweza kutafuta kwa mada na nchi. Black In Neuro, iliyoanzishwa na Angeline Dukes mwaka 2020, ina wasifu wa watafiti weusi. ALBA Network inashughulikia usawa na utofauti katika sayansi za ubongo duniani kote. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanza mwaka 1961, na SONA, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika, yanajua maabara ambazo kamati nyingi hazijawahi kuzisikia. Anayesema hakupata mtu hajatafuta kwa nusu saa.

Mkihitaji ya kwenu, ubora wake unategemea safu mtakazoweka. Jina liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Wekeni namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha kimataifa cha mtafiti chenye tarakimu 16, maana watu hubadilisha majina na taasisi lakini namba hiyo haibadiliki. Wekeni saa za eneo analoishi, lugha anazoweza kutolea mada, na yale aliyo tayari kufanya: kutoa mada, kuhakiki, kukaa kwenye jopo, kumtahini mwanafunzi wa uzamivu. Safu ya utaalamu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtu akiandika "usingizi", hakuna atakayempata. Akiandika "thalamasi na usingizi mzito wa panya, kwa kurekodi umeme wa neva", mwandaaji wa kikao cha usingizi atamkuta mara moja. Takeni mada mahususi tatu hadi tano pamoja na mbinu anazozitumia.

Taarifa za utambulisho ziwe za hiari na zifichwe kwa asiyeingia na nywila. Kuna mahali ambapo mtu kujulikana mwelekeo wake wa kijinsia au hali yake ya afya kunaweza kumfukuzisha kazi au kumletea mabaya zaidi. Idhini aliyoitoa mwaka juzi haitoshi. Kila baada ya miezi sita mtumieni kila mtu baruapepe yenye taarifa zake kama zinavyoonekana na kitufe cha kurekebisha au kujiondoa. Asiyejibu mara mbili mfululizo, mficheni bila kumfuta. Orodha nyingi hufa kwa sababu hii tu: baada ya miaka miwili theluthi ya anwani hazifanyi kazi, mwandaaji anajaribu tatu, zinagonga mwamba, anarudi kwa rafiki zake.

Hatua ya 3: Andikeni mwaliko unaokubalika

Mfano huu unaweza kunakiliwa na kurekebishwa:

"Kwako Dkt. (jina). Tunaandaa semina ya saa moja kuhusu hipokampasi na kumbukumbu ya mahali. Tungependa utueleze hasa namna ulivyotenganisha athari ya kasi ya mnyama na athari ya mahali alipo katika makala yako ya mwisho. Tarehe tunazopendekeza ni tatu, chagua inayokufaa. Nauli na malazi tutalipa sisi moja kwa moja, hutatoa fedha mfukoni. Ukipenda, unaweza kutoa mada kwa intaneti kwa muda uleule na nafasi ileile kwenye ratiba. Tafadhali tujulishe lolote tunaloweza kuandaa ili ushiriki kwa urahisi: mkalimani wa lugha ya alama, njia ya kiti cha magurudumu, chumba cha kunyonyeshea, au jingine. Ikiwa nafasi hii haikufai kwa sasa, tutashukuru ukitutajia watu wawili wanaofanya kazi ya karibu na yako, hasa walio mwanzoni mwa utafiti wao."

Kila sentensi hapo ina kazi. Kutaja swali la kisayansi kunamwonyesha mgeni kwamba ameitwa kwa ajili ya kazi yake. Mwaliko unaosema "tunahitaji sauti ya mwanamke" humvunjia mtu heshima, na wengi huukataa kimyakimya. Hayo mahitaji yaulizwe kwa kila mtu, si kwa yule tu anayedhaniwa kuwa nayo. Sentensi ya mwisho ndiyo inayokuza mtandao, kwani anayekataa huwaachia majina mawili ambayo hamkuwa nayo. Mkikataliwa mara nyingi, tazameni kwanza muda: mwaliko wa wiki tatu kabla haumfai mwenye watoto wadogo, mwenye vipindi vingi vya kufundisha, wala anayehitaji viza.

Jambo jingine hutokea sana: watafiti weusi, wanawake na wenye ulemavu huitwa kuzungumzia utofauti, huku wenzao wakiitwa kuzungumzia sinapsi, yaani miunganiko ya seli za neva. Mwiteni mtu kwa ajili ya sinapsi kwanza. Akitaka kuongelea hilo jingine, atasema.

Hatua ya 4: Mkutano wa ana kwa ana

Mikutano mikubwa huwa na maelfu ya watu. Ule wa kila mwaka wa Society for Neuroscience, chama cha wanasayansi wa neva chenye makao Marekani, umewahi kuvuta makumi ya maelfu, na mgeni anaweza kumaliza siku nne bila kuongea na mtu asiyemfahamu. Kazi ya mtandao ni kuhakikisha hilo halimpati mwanachama wake.

Wiki tatu kabla, kila mgeni achague watu watano au sita na kumwandikia kila mmoja baruapepe ya sentensi nne: mimi ni nani, ninachunguza nini, swali langu moja kuhusu kazi yako, na je, ninaweza kupata dakika 15 siku fulani, au utapita kwenye bango langu namba fulani. Ombi la "kunyonya maarifa yako" halijibiwi kwa sababu haliombi chochote kinachoweza kutimizwa. Wawili au watatu wakijibu kati ya sita, ni mavuno mazuri.

Upande wa mtandao, mpeni kila mwenyeji mzoefu wageni wawili au watatu, na si zaidi. Kazi yake ya siku ya kwanza ni kumtambulisha kila mgeni kwa watu watatu. Namna ya kutambulisha ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukisema "huyu ni mwanafunzi wetu", mazungumzo yamekwisha, atasalimiwa na kusahauliwa. Ukisema "huyu ni Amina, ameonyesha kwamba astrosaiti hubadilika saa kadhaa kabla neva hazijaanza kufa, na wewe una data za binadamu zinazoweza kuthibitisha hilo", umewaacha watu wawili wenye la kuzungumza, na unaweza kuondoka. Mwenyeji ajifunze sentensi hiyo kwa kila mgeni wake kabla ya safari. Akishindwa kuitunga, bado hajasoma kazi ya mgeni, na aisome.

Baada ya mada, muda wa maswali ni mahali pa kuonekana. Utafiti wa mwaka 2018 uliofuatilia semina karibu 250 katika nchi 10 ulikuta wanaume huuliza zaidi ya mara mbili na nusu ya wanawake, na swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, wanawake waliofuata walipungua zaidi. Mwenyekiti afanye mambo matatu: asubiri sekunde kumi kabla ya kuchagua mtu, swali la kwanza alitoe kwa mtafiti mchanga, na apokee pia maswali yaliyoandikwa. Sekunde kumi ni ndefu sana mtu akiwa amesimama mbele ya ukumbi, na wenyeviti wengi huzikatiza. Tazama saa.

Mabango na slaidi nayo hufungia watu nje. Picha za darubini za rangi nyekundu na kijani hazisomeki kwa wasiotofautisha rangi hizo, ambao ni takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini. Tumia zambarau-nyekundu na kijani, kisha onyesha kila rangi peke yake kwa kijivu. Jioni, shughuli rasmi ya mtandao isifanyike baa. Wasiokunywa, wajawazito na wenye watoto huondoka mapema, na mambo ya maana hupangwa baada ya wao kuondoka.

Hatua ya 5: Fedha na viza

Hapa ndipo watu wengi hufungiwa nje bila mtu yeyote kuwafungia. Ruzuku ya safari inayosema "utarejeshewa ukileta risiti" inamtaka mwanafunzi akope bei ya tiketi ya ndege kwa miezi miwili au zaidi. Mwenye mshahara mdogo hataomba, na kamati itasema hapakuwa na waombaji. Lipeni tiketi, hoteli na ada ya usajili moja kwa moja, na posho itolewe mtu anapofika au kabla. Fungu la kumwezesha mzazi kumlipa mlezi wa mtoto liwe sehemu ya ruzuku ileile, bila fomu ya pili.

Viza zina ratiba yake. Ombi la viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, lakini miadi ya ubalozini inaweza kuchukua wiki nyingi. Matokeo ya ikisiri yakitoka wiki sita kabla ya mkutano, wanaohitaji viza wameshachelewa. Watoleeni majibu mapema, angalau miezi minne. Barua ya mwaliko iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za mkutano, anwani ya ukumbi, kichwa cha mada, na maelezo ya nani analipa nini, ikiwa na sahihi na namba ya simu ya mtu atakayepokea ubalozi ukipiga. Viza ikikataliwa, mada yake ihamie kwenye intaneti bila kushushwa hadhi, na ada irudishwe yote.

Hatua ya 6: Mikutano ya intaneti

Hakuna saa inayowafaa watu wote. Saa 7 mchana UTC (saa ya marejeo ya kimataifa) ni saa 4 asubuhi São Paulo, saa 12 na nusu jioni Delhi, saa 4 usiku Tokyo, na alfajiri au asubuhi na mapema Los Angeles. Ukiiacha hivyo mwaka mzima, walioko Tokyo ndio watakaolipa. Zungusheni saa mbili au tatu. Jihadharini na Machi na Oktoba hadi Novemba, kwani Marekani na Ulaya hubadilisha saa katika tarehe tofauti na watu hukosa mkutano kwa saa nzima. Tangazeni kwa UTC daima. Washeni maandishi ya papo hapo, rekodini kwa idhini ya mtoa mada, na mruhusu watu kuzima kamera, maana intaneti ya wengine hulipiwa kwa kipimo. Neuromatch Academy, iliyoanza mwaka 2020, iliwapanga wanafunzi katika vikundi vidogo kwa saa za maeneo na lugha, na ada yake hutegemea gharama za maisha za nchi ya mwanafunzi. Ni mpango unaofaa kuigwa.

Hatua ya 7: Ulezi, na zaidi ya ulezi

Mlezi wa kitaaluma humshauri mtu. Mtetezi humtaja mahali ambapo yeye hayupo. Mitandao mingi huandaa ulezi kwa sababu ni rahisi, halafu vijana wanapata ushauri tele bila nafasi hata moja. Katika makubaliano ya mlezi andikeni wazi kwamba, mbali na saa moja ya mazungumzo kila mwezi kwa miezi tisa, atalitaja jina la kijana angalau mara mbili: kwa mhariri anayetafuta wahakiki, kwa kamati ya mkutano, au kwa jopo la tuzo. Baada ya miezi mitatu mratibu awaulize wote wawili, kila mmoja peke yake, kama mambo yanaenda. Pawepo njia ya kuachana bila kulaumiana. Mlezi asiwe anayetoa maksi, mshahara au sahihi ya kijana huyo.

Hatua ya 8: Mwangalieni anayebeba kazi hii

Kazi ya mtandao huangukia walewale ambao mtandao ulikusudiwa kuwasaidia. Mwanasayansi pekee mwenye asili fulani katika idara huwekwa kwenye kila kamati, huku wenzake wakiandika makala. Wekeni ukomo wa miaka miwili kwa kila jukumu. Ombeni wakuu wa idara waandike kazi hiyo kwenye tathmini ya mwaka na kupunguza vipindi kwa kiasi hicho. Kazi za kiofisi, kama kusasisha orodha na kujibu barua, mlipeni mtu. Hata siku moja kwa wiki inatosha kwa mtandao wa watu mia kadhaa.

Hatua ya 9: Ingizeni haya ndani ya sayansi yenyewe

Vifaa vyetu navyo vina watu waliowafikiria na wasiowafikiria. Elektrodi za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, zinahitaji kugusa ngozi ya kichwa. Nywele nzito za kipilipili huziinua, ukinzani wa umeme hupanda, na washiriki weusi huondolewa kwenye data au hawaitwi kabisa. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha kwamba nywele zikisukwa mistari inayoacha wazi pointi za mfumo wa 10-20 (ramani ya kawaida ya mahali pa kuweka elektrodi kichwani), kwa vishikizo vinavyojibana kwenye mistari hiyo, mgusano huwa bora zaidi. Ujuzi huo wa kusuka ulikuwepo siku zote, nje ya maabara. Kwa hiyo jipangieni ndani ya mtandao kikundi kidogo cha mbinu, chenye watu watano hadi wanane, kitakachopitia itifaki za maabara za wanachama na kuuliza kila moja inamwacha nani nje.

Mwisho, marejeo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la Nature Neuroscience ulionyesha kwamba katika majarida matano makubwa ya fani hii, makala zilizoongozwa na wanaume hunukuliwa kuliko inavyotarajiwa, zile za wanawake chini ya inavyotarajiwa, na pengo hilo linatokana zaidi na wanaume wanaowanukuu wanaume. Kabla ya kutuma makala, chukua orodha yako ya marejeo na uipitie kwa saa moja ukiwa na orodha ya Hatua ya 2 kando. Kwa kila dai lenye marejeo ya maabara moja tu, tafuta kazi nyingine iliyolithibitisha au kulipinga. Isome yote, kisha iongeze pale inapostahili tu. Marejeo ya kupamba hayamsaidii mtu, na mhakiki makini atayaona. Ukipata jina jipya katika kazi hiyo, mwandikie mwenyewe sentensi mbili kumjulisha, na umwombe ajiandikishe kwenye orodha.